Kidole Kidogo na Herufi A: Historia ya Swichi Zilizotupita

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Hesabu herufi A katika sentensi hii: "Habari za asubuhi, naomba kuwasilisha taarifa ya mahudhurio ya wanafunzi." Usipochoka njiani utapata 16, kati ya herufi 62. Yaani katika kila herufi nne, moja ni A, na chenji inabaki.

Sasa angalia kibodi ya kompyuta yako (kuna wanaoiita baobonye, mimi nimeshazoea kibodi). A iko wapi? Iko pembeni kabisa kushoto, chini ya kidole kidogo. Kidole dhaifu kuliko vyote ndicho kilichopewa herufi inayochapa kazi kuliko zote. Na upande wa pili, pale kidole kidogo cha kulia kinapopumzika, kuna nini? Nukta-mkato. Mara ya mwisho kuandika nukta-mkato ilikuwa lini? Kama wewe ni programa kama mimi, usijibu.

Mimi nisingelifikiria jambo hili kama kidole chenyewe kisingeanza kuuma. Utafiti wangu wa uzamili unahusu programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Mchana nilikuwa naandika programu, ambako kidole kilekile kinashikilia Ctrl na Shift, na usiku nilikuwa nasahihisha kwa mkono maelfu ya sentensi za Kiswahili. Kufika mwezi wa tatu, kila A ilikuwa inanichoma hadi kwenye kifundo. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Nunua kibodi ya makanika." Nikadhani ananitania. Bei aliyonitajia ningeweza kulipia chumba mwezi mzima.

Lakini nikaingia kwenye hiyo dunia, na aisee, huko kuna watu! Wanabishana kuhusu swichi kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Kuna wa nyekundu, kuna wa kahawia, kuna wa bluu, na hawapatani. Nikuelezee kwanza wanachobishania, maana si rangi tu.

Kibodi nyingi tunazotumia, hizi za bei nafuu, ndani yake zina karatasi za plastiki zilizolazwa juu ya nyingine, na juu yake kuna vikombe vidogo vya mpira vilivyofudikizwa. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, plastiki zinagusana, umeme unapita. Tatizo ni kwamba kwa kawaida herufi haiingii mpaka ufike chini kabisa, na mpira unachoka. Kibodi ya makanika ni kitu kingine: kila kitufe kina swichi yake kamili, yenye springi na vipande vya chuma vya kugusana. Kwenye swichi za kawaida za Cherry MX, kitufe kinashuka milimita 4, lakini herufi inaingia ukiwa umefika kama milimita 2 tu. Huna haja ya kugonga sakafu. Nyekundu inateleza moja kwa moja hadi chini. Kahawia ina kinundu kidogo njiani, kidole kinahisi "hapa ndipo." Bluu ina kinundu na inalia pia, tik, tik, mpaka jirani anakuja kugonga mlango. Nyeusi inateleza kama nyekundu ila ni nzito: inataka nguvu ya kama gramu 60, wakati nyekundu inataka kama 45. Ukitaka kupima mwenyewe, panga sarafu moja moja juu ya kitufe mpaka herufi itokee, halafu zipime sarafu zako.

Gramu 15 si kitu, utasema. Haya, tupige hesabu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili una herufi kama 1,500. Robo yake ni A, yaani 375. Mara gramu 15, unapata zaidi ya kilo tano na nusu za ziada kwa ukurasa mmoja, zote juu ya kidole kidogo. Wanafizikia mtanisamehe, najua kujumlisha nguvu hivi si kipimo halali cha kazi. Lakini kidole changu hakijasoma fizikia.

Basi swali likawa: nani aliiweka A pale? Jibu linaanzia Milwaukee, Marekani, ambako Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine ya kuchapa mwaka 1868. Mpangilio wa QWERTY ulikua kidogo kidogo miaka iliyofuata, na kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na cherehani, ikaanza kuiunda mashine hiyo mwaka 1873. Pengine umewahi kusikia kwamba herufi zilipangwa vile ili kumpunguza kasi mchapaji, vyuma visigongane. Si wote wanaoikubali hadithi hiyo: watafiti wa Japani, Koichi na Motoko Yasuoka, walihoji mwaka 2011 kwamba mpangilio uliathiriwa zaidi na mahitaji ya waendesha telegrafu. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyekuwa anafikiria wa-, ya-, za-, na-, ka-, wala vitenzi vinavyoishia na -a. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 iliposanifisha Kiswahili cha herufi za Kilatini, kibodi ilikuwa imeshaganda. Tukapokea mashine yenye Q na X tusizozitumia, na A ikabaki kule pembeni.

Hapo nikamkumbuka shangazi.

Shangazi yangu anaishi nyumbani kwetu Kileo, kwenye tambarare chini ya milima ya Upare. Alisomea uhazili Tabora, halafu tangu mwisho wa miaka ya 1970 mpaka anastaafu alikuwa katibu mahsusi katika ofisi moja Same. Kwa muda mrefu alitumia taipureta ya mkono. Elewa taipureta ya mkono ni nini: haina umeme wowote, nguvu yote inayopiga chuma kwenye karatasi inatoka kwenye kidole. Ukipiga kwa unyonge, herufi inatoka hafifu. Na kidole gani kinapiga kwa unyonge? Nilipompigia simu na kumuuliza kuhusu A alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, A haibonyezwi. A inapigwa."

Akanieleza habari za stensili, ambazo kizazi chetu hatuzijui. Mitihani ya shule ilichapwa kwenye karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, herufi ya chuma inatoboa nta moja kwa moja, kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya saiklostaili, wino unapenya kwenye matundu, nakala mia zinatoka. Usipotoboa sawasawa, herufi haionekani kwenye nakala hata moja. Mwanzoni mwa kazi yake, anasema, aliwahi kuchapa mtihani wa Kiswahili ambao A zake nyingi zilitoka kama vivuli, na ikabidi arudie stensili yote usiku, kwa taa ya chemli. Baada ya hapo alijifunza kuinua kiganja kizima na kukishusha kila ilipofika A. Leo kidole chake kidogo cha kushoto hakinyooki vizuri. Sijui kama ni taipureta, kilimo au umri, na sitaki kukudanganya kwamba najua. Lakini yeye analaumu A.

Sasa kuna sehemu ya historia hii ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Hawa wapenzi wa kibodi za makanika, hasa wa Marekani na Ulaya, wanaongozwa sana na kumbukumbu. Wanakumbuka kibodi ya IBM waliyoikuta ofisini kwa baba. Mwaka 1978 mhandisi wa IBM, Richard Hunter Harris, alipata hataza ya swichi ya springi inayopinda. Chukua njiti ya fagio, ishike ncha mbili, isukume taratibu. Inavumilia, inavumilia, halafu ghafla inapinda pembeni. Leonhard Euler alishalifanyia hesabu jambo hilo karne ya 18. Harris alilitia ndani ya kitufe: springi inavumilia kidole chako, kisha inapinda kwa mlio, na mpindo huohuo ndio unaosajili herufi. Yaani unachokihisi na kinachotokea ni kitu kimoja. Kibodi hizo zilikuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981, na mwaka 1985 ikaja ile maarufu ya Model M, yenye uzito wa zaidi ya kilo mbili, ambayo mpaka leo kuna watu wanaitumia. Lengo lilikuwa wazi: makarani waliotoka kwenye taipureta wasijione wamepotea.

Makarani wa wapi, lakini? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Usiicheke haraka. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta chache zilizokuwepo tangu miaka ya 1960, ikiwemo ya Wizara ya Fedha, zilikuwa zimekula pesa kuliko matunda yaliyoonekana. Marufuku ilikuja kulegezwa taratibu, na kompyuta zilianza kuingia maofisini kwa wingi miaka ya 1990. Sasa linganisha tarehe. Miaka ambayo watengenezaji walikuwa wanahangaika kumpa mchapaji kitufe kinachomjibu, shangazi alikuwa bado anatoboa stensili Same. Na alipoletewa kompyuta hatimaye, dunia ilikuwa imeshahamia kwenye kibodi za mpira, kwa sababu bei za kompyuta zilikuwa zinashuka na kila senti ilikuwa inabanwa.

Kwa hiyo makatibu wetu wengi waliruka kutoka taipureta moja kwa moja hadi kwenye mpira. Hii ni hoja yangu mwenyewe, unaweza kunibishia, lakini nadhani inaeleza kwa nini ukiingia ofisi nyingi za umma utasikia watu wa umri fulani wanavyozipiga kibodi. Tunawacheka, eti wanapiga kompyuta kama ngoma. Wao waliachiwa mazoea ya chuma juu ya kitu kisichojibu, na hapakuwa na hatua ya katikati.

Krismasi nilipoenda nyumbani nilibeba kibodi yangu. Ndiyo, nilinunua, nikaachana na mambo mengine. Niliyochukua ni ya swichi za kuchomoa na kuchomeka. Zamani swichi ililehemewa, ukiikosea umeikosea. Sasa unavuta moja kwa kibanio, unatia nyingine. Hataza ya Cherry ilipokwisha karibu mwaka 2014, kampuni za China kama Gateron na Kailh zilijaa sokoni na bei ikashuka, ndiyo maana mwanafunzi kama mimi anaweza hata kujaribu. Na hapo ndipo nilipopata dawa yangu: sikubadilisha mpangilio wa herufi, nilibadilisha kitufe kimoja. Vyote vina swichi za kahawia, isipokuwa A, ambayo nimeitia springi nyepesi kuliko zote nilizopata. Maumivu hayajaisha kabisa, lakini sasa namaliza ukurasa.

Kitu kimoja nilichojifunza Kileo, ambacho wapenzi wa Ulaya hawakiongelei sana, ni vumbi. Siku nne za kiangazi zilitosha swichi mbili zianze kuandika herufi mara mbilimbili. Vyuma vikigusana huwa vinadundadunda kwa milisekunde chache, na programu ndani ya kibodi imetegwa kupuuza mdundo huo, ila uchafu ukiingia mdundo unazidi subira ya programu. Kuna swichi zinazotumia sumaku badala ya kugusana, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, na hizo vumbi haliwezi kuzizuia kirahisi hivyo. Kama unaishi tambarare kama sisi na una hela, anzia huko.

Shangazi nilimwekea kibodi mezani, na kijibao cha swichi tisa za majaribio pembeni. "Shikamoo, shangazi, naomba msaada wa kitaalamu," nikamwambia. Akaigusa nyekundu: "Hii ni kama kutia kidole kwenye uji." Kahawia akaipita bila maoni, ikaniuma kidogo. Bluu akaigonga mara tatu, akanitazama. "Hii inaitika," akasema. Nikachomoa A yangu nyepesi, nikamtilia bluu.

Akakaa sawa, mgongo umenyooka, akaanza barua ya maombi ya maji ya kitongoji ambayo mwenyekiti alikuwa amemwomba amwandikie. Anwani, tarehe, kumbukumbu namba, halafu YAH: kwa herufi kubwa. Alikuwa hatazami mikono. Kila A aliinua kiganja kizima. Na alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto ulipanda juu peke yake, ukatafuta hewani ule mkono wa chuma wa kurudisha karatasi mwanzo wa mstari.