Ramani za Vijiti Zilizohamia Makabatini

Kila Machi 1, Visiwa vya Marshall huwakumbuka waliodhuriwa na bomu la Marekani lililolipuliwa Bikini mwaka 1954. Hotuba huwa za maradhi na fidia, na ni haki yao. Lakini Rongelap, kisiwa kilichomwagiwa majivu ya bomu hilo hadi watu wake wakahamishwa, kilikuwa pia mahali pa kufunzia manahodha. Hilo halisemwi sana, ingawa ramani za manahodha hao zinasakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale dunia nzima.

Ukiiona ramani moja ndani ya kabati la kioo utadhani ni tenga lililoachwa nusu. Ni vijiti vya kuti la mnazi vilivyofungwa kwa nyuzi, na hapa na pale kumebandikwa kauri. Kauri ni kisiwa. Kijiti kilichopindwa ni wimbi linalojikunja likikaribia nchi kavu, na vijiti vinapokatana ndipo mawimbi ya pande mbili yanapopambana. Visiwa vile vimelala chini mno, huvioni mpaka umevifikia, kwa hiyo nahodha aliusikiliza mwendo wa bahari kwa mwili wake, amejilaza ndani ya ngalawa. Ramani haikupanda chomboni. Aliisoma ufukweni, akaikariri, akaiacha nyumbani.

Mmisionari Mmarekani, Gulick, alizitaja mwaka 1862. Mwaka 1885 Ujerumani ikavitia visiwa mkononi, mwaka uleule Mjerumani Carl Peters alipopewa hati ya Kaizari juu ya sehemu za Afrika Mashariki yetu.

Kisha akaja Winkler, nahodha wa jeshi la maji la Kijerumani, na hapa ndipo penye kisa. Alitaka kujua kila kijiti kina maana gani. Akauliza, akapewa maelezo yasiyopatana: hili likisemwa hapa, kule likikanushwa. Si ajabu. Elimu ile ilikuwa siri ya machifu na koo chache, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuigusa. Tena kila fundi alifunga vijiti kwa namna yake, hata ramani ya mmoja ikawa fumbo kwa mwingine. Winkler alibanana nao mpaka akapata la kuandika, akalichapisha mwaka 1898. Kichwa cha makala yake kilizungumzia ramani zilizotumika "zamani". Manahodha wenyewe walikuwa hai, amekaa nao, anawauliza!

Bila kazi yake tungejua kidogo sana, nakubali. Ila waliomfuata walibeba vijiti bila kumbeba mwalimu. Ramani ikifika Ulaya bila jina la aliyeifunga, nani atasema kauri ile ni kisiwa gani? Na bado inauzwa ghali, ikichanganywa na zile zinazofungwa kwa ajili ya watalii.

Wajapani walivichukua visiwa mwaka 1914, Wamarekani mwaka 1944, kisha yakaja mabomu. Watu wa Rongelap walirudishwa mwaka 1957, wakaondoka tena mwaka 1985.

Mmoja wa waliofunzwa Rongelap kabla ya majivu alikuwa Korent Joel. Babu yake alimfunga macho, akamwacha aelee ili ayatambue mawimbi kwa mgongo. Mwaka 2006 alisafiri kutoka Kwajalein hadi Ujae kwa elimu hiyo, akatambuliwa rasmi kuwa nahodha. Hakuwa na ramani chomboni.