Kinu cha Chuma

Waarabu wana neno "hawun", nalo ni kinu cha kutwangia. Neno hilo hilo wameipa silaha ya askari wa miguu ambayo kwetu huitwa mota, na Wazungu nao waliita hivyo kabla yao. Walioipa jina hilo waliona sawasawa: ni bomba la chuma lililokaa juu ya bamba, mdomo wazi kuelekea mbinguni. Kombora hutumbukizwa mdomoni, likateremka hata kugonga pini kitakoni, likaruka.

Umbo hili alilibuni Wilfred Stokes wa Ipswich, Uingereza, mwaka 1915. Kiwanda chake kilizoea kutengeneza winchi za kupakulia mizigo! Kisha Mfaransa Edgar Brandt akalitengeneza vizuri zaidi, na kombora lake likawa na mapezi mkiani lisiyumbe. Naye huyu alikuwa fundi wa mapambo, mwenye kufua malango na taa za majumba ya fahari. Mwaka 1929 Warusi walipopigana na Wachina kwa ajili ya reli ya Manchuria, waliteka mota za namna hiyo. Boris Shavyrin akazifuata, na mwaka 1937 ikatoka ile ya Kisovieti ya milimita 82. Uzito wake kilo 56 hivi. Hufunguliwa vipande vitatu, na watu watatu wakaibeba mgongoni. Basi haina haja ya barabara, wala haimjui bwana mmoja.

Mota zililia Kigali mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara, wakapiga kambi Benaco. Mota haifichiki ndani ya kanga, lakini bomu la mkono hufichika. Silaha ndogo zikapenya, na kwa miaka mingi njia ya Biharamulo ikaogopwa, magari yakisindikizwa na polisi.

Novemba 2017, Ngara, mtoto aliokota kitu akidhani ni chuma chakavu, kile kinunuliwacho kwa kilo. Akaenda nacho skuli ya msingi Kihinga. Lilikuwa bomu la mkono. Wanafunzi 5 wakafa, na makumi wakajeruhiwa.