Mshindani Anayejibu: Malumbano ya Kishairi kutoka Mombasa ya Muyaka hadi Ngonjera za Azimio

Ikisiri

Malumbano ya kishairi ni miongoni mwa michezo ya maneno iliyodumu kwa muda mrefu katika jamii ya Waswahili. Makala haya yanafuatilia vituo vitatu vya historia yake: Mombasa na Lamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, na ngonjera za Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Tunadai kwamba uhai wa malumbano ulitegemea mshindani halisi, aliyefungwa na kanuni zile zile lakini aliye huru kutoa jibu lisilotarajiwa. Mshindani huyo alipoondolewa, umbo lilibaki na mchezo ukabadilika.

1. Utangulizi

Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Wakishindwa kufumbua hudaiwa mji, nao huutoa, naye hutamba juu ya mji huo kabla ya kutaja jibu. Deni hilo hulipwa kwa maneno matupu, lakini hulipwa mbele ya watu, na hapo ndipo ulipo uzito wake. Aliyeshindwa leo atatega kesho.

Malumbano ya kishairi yanaijenga kanuni hiyo juu ya msingi mgumu zaidi. Mshairi hutoa fumbo, dai au kejeli. Mwenzake humjibu kwa bahari ile ile, na pengine kwa vina vile vile, au kwa kukigeuza kipokeo chake. Katika utani, kinachomlinda mtu asichukiwe kwa maneno yake ni ujamaa au ujirani wa watani. Katika malumbano, kinga hiyo hutolewa na arudhi. Mjadala wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru ulizifanya vina na mizani zionekane ama urithi wa kulindwa ama pingu za kuvunjwa. Hapa tunazitazama kama kanuni za mchezo: kipimo kimoja kinachowakubalisha wapinzani kukutana uwanjani.

2. Mombasa na Lamu

Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alilitumia shairi la mishororo minne kuzungumzia mapenzi, ukata, urafiki na siasa za mji. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui. Katika miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na baadaye Lamu ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Maskati. Muyaka alisimama na Mazrui. Washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mgumi, walisimama upande wa pili, na mashairi yakavuka bahari kwenda na kurudi.

Mabishano hayo hayakuwa ya kirafiki. Nyuma yake palikuwa na maiti, na mbele yake palikuwa na anguko la utawala wa Mazrui mnamo 1837. Hata hivyo, ili kulijibu shairi la adui ilibidi kwanza kulisikiliza, kulihifadhi kichwani na kulifumbua fumbo lake. Malumbano hayakuzuia vita. Yalichofanya ni kuidumisha lugha ambamo pande mbili ziliendelea kueleweshana hata zilipokuwa zikitishana.

Namna mashairi haya yalivyotufikia ina athari kwa mwanahistoria. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Mnamo 1940 W. Hichens akayachapisha kama Diwani ya Muyaka. Diwani hupanga kazi kwa jina la mtunzi mmoja. Lakini shairi la kujibu likitengwa na lile lililolichokoza huwa kama sauti ya mtu mmoja katika mazungumzo ya wawili: maneno yanasikika, ila sababu yake haijulikani.

3. Mambo Leo

Kuanzia 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ilitoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, jijini Dar es Salaam. Kurasa zake za mashairi ziliupanua uwanja. Shaaban Robert alitoka Tanga; Saadani Kandoro na Kaluta Amri Abedi walizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika; Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, waliweza kujibizana bila kuonana uso kwa uso. Utambulisho wa mtunzi ukawa jina au lakabu, mahali atokako, na ustadi wake.

Mabadiliko mawili yanafaa kutajwa. Kwanza, muda: jibu halikutolewa papo hapo barazani, bali lilisubiri toleo jingine, na hasira ikapata nafasi ya kupoa. Pili, mwamuzi: badala ya hadhira iliyoketi pamoja, mhariri wa gazeti la serikali ndiye aliyeamua kipi kichapishwe. Chini ya mwamuzi wa namna hiyo, fumbo lilikuwa pia njia ya kusema lisilosemeka. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mnamo 1954, alikuwa akiziandika kanuni ambazo wachezaji wengi walikwisha kujifunza kwa kucheza.

4. Ngonjera

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wa Tanzania waliombwa kuieneza siasa ya Ujamaa. Mnyampala aliikuza ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zikatoka katika vitabu viwili, 1970 na 1971. Wahusika hupingana jukwaani kwa beti zenye vina, mmoja akiwa hajui au hakubali, mwingine akimwelimisha, hadi wakubaliane. Shule nyingi zikaipokea, na maelfu ya watoto wakajifunza kusimama na kunena mbele ya watu. Faida hiyo si ndogo.

Lakini anayepinga ameandikiwa kushindwa. Mtunzi mmoja anazishika sauti zote mbili, na mpinzani hana uwezo wa kusema neno ambalo mwenzake hakulitarajia. Ni kitendawili ambacho mtegaji amekwisha kumnong'oneza mfumbuaji jibu.

5. Hitimisho

Historia hii inatoa mapendekezo mawili. Kwa wahariri: malumbano yachapishwe kama majibizano, shairi na jibu lake bega kwa bega, hata kama watunzi ni wa miji au nchi mbili. Kwa walimu wa nchi zetu jirani: ngonjera iendelee, ila kundi moja la wanafunzi litunge hoja na kundi jingine lijitungie jibu, bila mwalimu kuamua mapema nani atakubali. Hapo watajifunza kubishana na mtu wasiyemwandikia maneno yake.