Ngeli ya Mtu, Nafasi ya Kitu: Mirathi ya Bibi Salme binti Said na Msamiati wa Kurithi Unguja katika Karne ya 19

1. Utangulizi

Kitenzi kurithi kina umbo la kutendwa ambalo halijapewa uzito unaostahili. Shamba likirithiwa, upatanisho wa kisarufi huonyesha mara moja kwamba kilichorithiwa ni kitu. Lakini mtu naye huweza kurithiwa. Marehemu hurithiwa na wanawe. Katika mila za baadhi ya jamii mjane hurithiwa na nduguye marehemu. Na hapo kale, mtumwa alirithiwa na watoto wa bwana wake. Katika sentensi “amerithi” na “amerithiwa” kiambishi cha nafsi ni kilekile. Kinachomtenga mrithi na mrithiwa ni kiambishi kidogo cha kutendwa, ambacho katika mahakama ya kadhi kilitosha kumtoa binadamu upande wa wenye haki na kumtia upande wa mali.

Mhadhara huu unaitazama mirathi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na hasa sehemu ya binti yake, Bibi Salme, ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Mirathi hiyo imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha binti aliyenyang’anywa haki yake. Kisa hicho ni cha kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika msamiati.

2. Jeneza baharini na mafungu ya watoto

Mwezi Septemba 1856 Sayyid Said aliondoka Omani kurejea Unguja. Inaelezwa kwamba alipakia mbao melini na kuagiza kuwa atakayefariki njiani asizikwe baharini, bali atiwe katika jeneza na kufikishwa Unguja. Aliyefariki ni yeye mwenyewe, tarehe 19 Oktoba 1856. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliufikisha mwili nchi kavu usiku, ukazikwa kwa siri, naye akajaribu kutwaa madaraka kabla habari hazijaenea. Jaribio hilo halikufaulu. Majid akashika Unguja, na Thuwaini akabaki na Omani.

Mzozo wa ndugu hao wawili ulidhihirisha kwamba mpaka kati ya mali ya ukoo na mali ya dola haukuwa wazi. Suluhisho lilitolewa tarehe 2 Aprili 1861 na Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India. Unguja na Omani zikatenganishwa, na Unguja ikatakiwa kuilipa Omani riale 40,000 kila mwaka. Sharti lake lilikuwa la ajabu kidogo, kwani malipo hayo hayakupaswa kuhesabiwa kuwa dalili ya Unguja kuwa chini ya Omani. Nchi iligawanywa kama shamba, na mwenye fungu nono akamfidia nduguye.

Kwa watoto wengine, mgawanyo ulifuata sheria ya mirathi ya Kiislamu. Salme anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba watoto waliokuwa hai baba yao alipofariki walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18. Kwa kuwa mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke, sehemu ya watoto iligawanyika mafungu 54. Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844, alihesabiwa kuwa mtu mzima akiwa na umri wa miaka 12 tu. Akapewa shamba lenye nyumba pamoja na fedha zipatazo pauni 5,429. Mama yake alipofariki mwaka 1859, kwa maradhi ya kipindupindu, alimwachia mashamba mengine matatu.

3. Mama aliyenunuliwa

Hapa ndipo panapohitaji kutuliwa. Mama huyo, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi. Alitekwa utotoni, akanunuliwa na kuingizwa katika nyumba ya Sayyid Said. Alikuwa suria. Neno hili lilitoka Kiarabu, na katika sheria lilisimama kizingitini, mguu mmoja katika mali na mwingine katika ukoo. Suria hakuwa mke wala hakuwa huru. Lakini akimzalia bwana wake mtoto, haikuwa halali tena kumuuza, na bwana akifariki, yeye huwa huru. Mtoto wake huzaliwa huru, na hurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Watoto wote 36 walikuwa wana wa masuria.

Kwa hiyo mwanamke ambaye mwanzoni mwa maisha yake aliandikwa upande wa mali, mwishoni mwake alikuwa na mali ya kurithisha. Na mali yenyewe ilikuwa nini? Mashamba ya Unguja ya wakati huo, na hasa ya karafuu, yalilimwa na kuchumwa na watumwa. Thamani ya shamba haikuwa katika miti peke yake, bali pia katika watu waliolihudumia. Aliyerithi shamba aliwarithi na watu. Katika kizazi kimoja tu, aliyenunuliwa aliwaachia warithi wake watu walionunuliwa, na hapakuwa na mtu barazani aliyeliona jambo hilo kuwa la kushangaza.

Msamiati unathibitisha mpangilio huo. Maneno ya upande wa kurithi kwa sehemu kubwa yametoka Kiarabu: mirathi, mrithi, wasia, wakfu, marehemu, huru. Maneno ya upande wa waliorithiwa mengi ni ya Kibantu: mtumwa, yaani aliyetumwa, mjakazi, na mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa hapahapa nchini. Yote haya yamo katika ngeli ya A-WA. Sarufi haikuacha kumhesabu mtumwa kuwa mtu. Sheria ndiyo iliyompa mtu huyo nafasi ya kitu. Tena mtumwa hakuweza kumrithi mtu yeyote, na alichokuwa nacho kilikuwa cha bwana wake. Hata akiachwa huru, akafa bila mrithi wa damu, aliyemwacha huru ndiye aliyemrithi.

4. Kalamu ya siri

Katika nyumba hiyo palikuwa na urithi mwingine usiogawanywa kwa mafungu. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alipotaka kuusahihisha mwandiko wake, anasimulia, alimwendea mtumwa mmoja msomi wa nyumba yao. Kitu pekee ambacho hakuna kadhi, kaka wala serikali iliyoweza kumnyang’anya baadaye, alikipata kutoka kwa mtu aliyehesabiwa kuwa sehemu ya mali.

Kalamu hiyo ilimponza mapema. Mwaka 1859 Barghash alipanga kumpindua Majid. Salme, akiwa na umri wa miaka 15, alivutwa upande wa Barghash na dada yao Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama hiyo. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akahamishiwa Bombay, na Salme akajitenga katika shamba lake la Kizimbani. Baadaye alipatana na Majid, jambo ambalo Barghash na Khole hawakumsamehe.

5. Sharti la dini

Mwaka 1866 Salme alipata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwezi Agosti mwaka huo alitoroka kwa manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa na kufunga ndoa, kisha wakaelekea Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alifariki njiani. Tarehe 6 Agosti 1870 mumewe naye alifariki baada ya kugongwa na tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Mamlaka za huko nazo zikayakataa madai yake ya urithi wa mumewe.

Waswahili husema damu nzito kuliko maji. Sheria ya mirathi ilikuwa na kitu kizito kuliko damu. Asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu, na katika hili Ibadhi, madhehebu ya ukoo huo, haikutofautiana na madhehebu mengine. Kila ndugu aliyefariki Unguja baada ya 1867 aliacha fungu ambalo, kwa mujibu wa sheria hiyo, halikuwa tena la Salme. Na aliyeketi kitini tangu 1870 alikuwa Barghash, ndugu aliyewahi kuandikiwa barua za njama kwa mkono wa Salme.

Salme alijaribu kukutana naye London mwaka 1875, lakini kwa kuombwa na Sir Bartle Frere akakubali kujizuia, akitumaini kwamba watoto wake wangesaidiwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, tumaini hilo halikutimizwa. Mwezi Agosti 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, zilizokuja kumshinikiza Barghash ayatambue madai ya Wajerumani huko bara. Barghash alipokubali, dai la Salme likawekwa kando: Bismarck alikuwa amekwisha kupata alichokitaka. Salme alirudi tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, akaondoka mikono mitupu. Aliishi miaka mingi Beirut, na alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924.

6. Yaliyoandikwa na yaliyonyamaziwa

Kumbukumbu zake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, zilitoka mwaka 1886. Maandiko yake mengine, yaliyohusu maisha ya Ulaya, hayakuchapishwa enzi ya uhai wake. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993. Kwa mwanaisimu kumbukumbu hizo ni hazina. Zinaeleza, kwa mfano, jinsi jumba la Mtoni lilivyojaa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi na lugha nyinginezo, ilhali mbele ya baba lugha iliyokubalika ilikuwa Kiarabu peke yake.

Hata hivyo, kitabu hichohicho kinachodai haki ya mrithi kinautetea utumwa. Salme aliona vyema dhuluma ya sharti lililomtoa yeye katika mirathi. Hakuiona dhuluma ya sharti lililowatia wengine ndani ya mirathi hiyo. Haifai kumhukumu kwa wepesi, kwani alikuwa mjane wa ugenini aliyenyimwa haki katika nchi mbili. Lakini haifai pia msomaji aisome huzuni yake kana kwamba mashamba yalijilima yenyewe.

7. Hitimisho

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliotiwa saini na Barghash, ulikomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Amri ya 1897 ikaondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ila masuria wakaachwa nje yake hadi 1909. Ina maana kwamba kundi la mwisho kufunguliwa lilikuwa lile alilotoka Jilfidan.

Mwanafunzi anayechambua wasia na hati za pwani za karne ya 19 asiridhike kuwahesabu warithi na mafungu yao. Achunguze pia orodha ya mali, na kila anapokutana na nomino ya ngeli ya A-WA katikati ya minazi, karafuu na nyumba, asimame. Hapo pana mtu. Huenda jina lake limeandikwa, huenda halikuandikwa. Historia ya mirathi ya Unguja haijakamilika mpaka waliorithiwa nao wahesabiwe upande wa watu.