Njia ya Maji ya Kwenda Sindo

Sindo imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kusini mwa Mbita, na mgongoni pake liko bonde la Lambwe. Anayerudi huko leo kula Krismasi na wazazi wake hupanda basi au matatu, na wengi wanaona mambo yamekuwa hivyo siku zote. Historia inatuambia vingine. Kwa vizazi vingi barabara kuu ya upande huu ilikuwa maji, na safari ya chombo mwezi wa Desemba ilikuwa mwanzo wa sikukuu kabla mtu hajafika kwao. Raha ya safari ile huhesabiwa kuwa faraja ya watu waliokosa lami. Hesabu hiyo ina kasoro. Raha ile ilizaliwa na umbo la nchi hii pamoja na historia yake, na ilipopungua, sababu kubwa ilikuwa maamuzi ya wenye mamlaka kuliko wasafiri kuichoka.

Tuanze na nchi yenyewe. Simulizi za Wasuba wa pwani hii zinasema mababu zao walitoka upande wa Buganda wakivuka ziwa kwa mitumbwi, wakatua visiwa vya Mfangano na Rusinga kabla ya kuenea bara. Waliobaki pwani walikuwa na sababu nzuri ya kuendelea kutegemea maji: Lambwe ilijaa mbung'o, na ugonjwa wa malale uliwahangaisha watu wa bonde hilo hata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa tayari imezinduliwa pale mwaka uliotangulia, baada ya kuletwa kutoka Uskoti ikiwa vipande vipande. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo, hata moja ikapewa jina la Rusinga. Dini nayo ilipita njia hiyohiyo: mwezi wa Novemba 1906 mmishonari Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walivuka ghuba ya Winam kutoka Kisumu wakaanzisha kituo cha Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye vyombo vidogo vya shirika la reli viliunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Mfanyakazi wa Nairobi aliyepata likizo ya mwisho wa mwaka aliweza kushuka kwenye garimoshi Kisumu, akaingia melini, kisha akamalizia safari kwa boti ya mbao.

Desemba ya huku haina theluji wala giza la mapema. Mvua za vuli zinaelekea ukingoni, vilima bado ni kijani, na upepo una ratiba yake: usiku na alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukaja na mawimbi. Ndiyo maana nahodha mwenye busara huondoka mapema, maji yakiwa yametulia. Abiria huketi bega kwa bega juu ya mbao zilizolazwa kutoka ubavu hadi ubavu, miguuni kukiwa na mfuko wa unga, kuku aliyefungwa miguu, na nguo mpya za watoto zilizokunjwa ndani ya plastiki zisilowe. Ndani ya gari kila mtu hutazama kisogo cha mwenzake. Ndani ya boti watu hutazamana, na safari haijaisha kabla hawajajua nani ni wa ukoo gani na nani amefiwa mwaka huo. Nyumbani nako huonekana mapema. Vilima vya Gembe hupita ubavuni taratibu, kisha ufuo, kisha watu waliosimama wakingoja, hivyo msafiri hupata muda wa kuwa mgeni kabla ya kuwa mwenyeji tena.

Njia hii ilikatwa kwa awamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya pamoja ya meli iligawanywa na ile mizunguko ya ziwa zima ikafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango mwembamba kati ya Mbita na Rusinga ulizibwa kwa tuta la mawe ili magari yavuke, na boti iliyotoka upande wa Sindo kwenda ghuba ya Winam ikalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji likafunga bandari za ghuba. Maji yalikuwa yaleyale na watu walewale. Kilichoondoka ni uangalizi. Uingereza nayo ilipita hapohapo. Biashara ya mifereji yake ilishindwa na reli na malori, na baridi kali ya 1962 hadi 1963, iliyogandisha maji kwa wiki nyingi, karibu iimalize kabisa. Hata hivyo, tangu 1946 kilikuwapo chama kilichodai mifereji ihifadhiwe, kikisema starehe pia ni sababu ya kutunza njia. Leo wako wanaosafiri humo hata wakati wa Krismasi, makaa yakiwaka ndani ya boti.

Atakayepinga atataja vifo, na ana haki. Katika ziwa hilihili MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, mamia wakafa, na vyombo vyote viwili vilikuwa vimejazwa kupita kiasi. Msimu wa sikukuu ndio wenye kishawishi kikubwa cha kujaza. Lakini ushahidi huo unashtaki ulegevu wa ukaguzi. Ajali za barabarani za Desemba hazijatufanya tuache barabara. Mwingine atasema meli za mkoloni ziliwapanga watu kwa madaraja na kumwacha Mwafrika sitahani. Ni kweli, na haipasi kufichwa. Ila mtumbwi ulitangulia meli na umedumu baada yake, kwa hiyo raha hii haikuletwa na mkoloni wala hakuondoka nayo.

Dalili za kurudi zipo. Feri huvusha watu na magari kati ya Mbita na Luanda Kotieno, na tuta la Mbita limepasuliwa likawekwa daraja ambalo maji hupita chini yake. Sindo inastahili kuingizwa katika ufufuaji huo: gati imara, maboya ya kuvaa kwa kila abiria, idadi inayohesabiwa kabla ya kung'oa nanga, na safari za ratiba katika wiki mbili za mwisho wa mwaka. Barabara ibaki na kazi yake ya kuwahisha. Ziwa lipewe tena kazi ambayo limeifanya kwa muda mrefu zaidi, ya kuwarudisha watu nyumbani wakiwa pamoja, na kazi hiyo ihesabiwe katika bajeti kama huduma nyingine yoyote ya umma.