Kusoma ujenzi wa barabara na madaraja kwenye chuo kikuu: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Kila majira ya mvua, wakaaji wa Fizi na Baraka wanawaza juu ya barabara ya kitaifa nambari 5, ile inayotoka upande wa Uvira, inapita Baraka na Fizi, na kuendelea mpaka Kalemie. Kilalo kikikatika, gari la bidhaa halifiki sokoni na mgonjwa anakwama njiani. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, watu wakakufa na nyumba nyingi zikabomoka. Kazi ya kupunguza hasara za namna hiyo ina masomo yake, yanayoitwa kwa Kifaransa génie civil. Vijana wengi wanayatamani, lakini kuna jina moja linalochanganya wazazi.

Majina mawili yasiyo sawa

Kongo ilirithi kwa Wabelgiji cheo cha "ingénieur civil". Cheo hicho si cha mtu wa madaraja peke yake. Ni cha injinia aliyemaliza miaka 5 kwenye fakulte ya Polytechnique, hata kama kazi yake ni umeme, mashini ao machimbo. Neno "civil" lilianza Ulaya kwa kumtofautisha na injinia wa jeshi. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kinajulikana tangu zamani kwa mainjinia wake wa machimbo. Mzazi asiyeuliza vizuri anaweza kugundua baada ya miaka 5 kwamba mtoto wake anajua kuyeyusha shaba, lakini kilalo hajasomea. Maneno ya kutafuta kwenye karatasi ya shule ni "génie civil", "construction" ao "bâtiment et travaux publics" (BTP).

Miaka na mahali

Mbele, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya licence. Sasa, kwenye mfumo wa LMD, licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na master ni miaka 2 yenye krediti 120. Kwa hiyo "licence" ya leo si ile ya zamani: ya leo inamalizika mwaka wa tatu, ile ya zamani ilimalizika mwaka wa tano.

Kinshasa kuna Polytechnique ya UNIKIN na pia INBTP, shule ya serikali ya ujenzi na kazi za umma. Karibu zaidi, Kivu ya Kaskazini kuna ULPGL ya Goma na IBTP ya Butembo. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha masomo haya kwa Kifaransa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayafundisha kwa Kiingereza, miaka 4. Mwenye diplome ya Kongo anayetaka kwenda Tanzania ajitayarishe kwa lugha kwanza.

Kinachosomwa

Mwaka wa kwanza ni hesabu na fizika kila siku. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Mwanafunzi aliyesoma sayansi ao construction kwenye humanités anakuwa na msingi. Aliyetoka sehemu ingine atakuwa na deni la kulipa kwa usiku mwingi wa kusoma.

Nyuma ya hapo kunakuja kupima ardhi, kujua udongo, maji, beto na vyuma. Kwa mto, mwanafunzi anajifunza kupima upana, kina na mwendo wa maji, halafu kupiga hesabu ya mafuriko makubwa, si ya maji ya kiangazi. Kilalo kilichopimwa wakati wa kiangazi kinaweza kwenda na mvua ya kwanza. Kwa beto, anajifunza kwamba maji yakizidi kwenye simenti nguvu inapungua, hata kama fundi anaona inamwagika vizuri. Kipande cha beto kinawekwa siku 28, kisha kinavunjwa kwa mashini ili kujua kinabeba uzito gani.

Mafundi wa kwetu wana ujuzi wa mikono ambao injinia mpya hana. Yeye analeta vipimo na hesabu. Santie nzuri inahitaji wote wawili.

Kazi nyuma ya diplome

Office des Routes inashughulikia barabara za kitaifa na za jimbo, OVD njia na mifereji ya mji. Kuna pia makampuni ya ujenzi na mashirika yanayotengeneza shule, vituo vya afya na mabomba ya maji. Nafasi si nyingi, na anayefanya staji tangu masomoni anajulikana mapema kuliko mwenye karatasi tupu.

Maswali matatu ya kuuliza shuleni

Mbele ya kutoa makuta, familia iulize: Je, shule ina ruhusa ya wizara ya elimu ya juu kwa fani hii yenyewe? Diplome itaandikwa jina gani? Je, kuna maabara ya udongo na beto, na wanafunzi wanaitumia kweli? Shule isiyo na mashini ya kuvunja beto ieleze wanafunzi wake wanajifunzia wapi kazi hiyo, na mzazi ana haki ya kuomba kupaona.