Usimamizi wa seva ya Minecraft

Usimamizi wa seva ya Minecraft ni kazi ya kutunza ulimwengu mmoja wa mchezo unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao: nani aingie, nani ajenge wapi, nani aweze kumtoa mwenzake, na kilichobomolewa kirudishwe vipi. Kazi hiyo hufanywa kwa amri zinazoandikwa, pamoja na ruhusa zinazoamua nani anaweza kutumia amri ipi. Makala haya yanahusu toleo la Java, ambalo programu yake ya seva hutolewa bure na Mojang, studio ya Stockholm nchini Uswidi iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5.

Mchezaji mwenye mamlaka juu ya wenzake alikuwapo kabla ya Minecraft. Katika MUD, mchezo wa maandishi matupu ulioanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na Richard Bartle, aliyekusanya pointi za kutosha alipandishwa cheo akaitwa mchawi. Kwao lilikuwa jina la heshima. Kwa Mswahili kuitwa mchawi ni kesi. Minecraft ilichukua jina lisilo na makuu: opereta, au kwa mkato op.

Konsoli, mkwaju na mafaili

Seva mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza hugoma. Hudai mwenyewe afungue faili la eula.txt na kubadilisha neno false liwe true, ishara kwamba amekubali masharti ya Mojang. Ikishawaka, husikiliza kwenye poti 25565 na hupokea wachezaji 20, idadi inayoweza kubadilishwa katika server.properties, faili lenye mipangilio karibu yote. Pembeni yake kuna ops.json ya maopereta, whitelist.json ya walioruhusiwa kuingia, na mengine mawili ya waliofungiwa, moja la majina na moja la anwani za IP.

Amri huandikwa sehemu mbili. Kwenye konsoli, lile dirisha la maandishi katika kompyuta inayoendesha seva, huandikwa bila alama yoyote mbele, na seva hutii kila kitu. Ndani ya mchezo huandikwa kwenye kisanduku cha gumzo zikitanguliwa na mkwaju, na hapo seva huangalia kwanza aliyeandika ni nani. Njia ya tatu ni RCON, inayomwezesha msimamizi kutuma amri akiwa mbali. Huja ikiwa imezimwa, na ni vyema ibaki hivyo kwa asiyeihitaji, kwa sababu nenosiri lake husafiri mtandaoni bila kufichwa.

Madaraja manne

Mamlaka ya opereta yamegawanywa katika madaraja manne. La kwanza humruhusu kujenga na kubomoa katika eneo linalolindwa kuzunguka mahali wachezaji wapya wanapotokea. Eneo hilo kwa kawaida ni mraba wa bloku 33 kwa 33. Wageni wa kazi hii hushangaa kuona ulinzi huo haufanyi kazi: seva isiyo na opereta hata mmoja hailindi mraba wake. Daraja la pili huongeza amri za kuubadilisha mchezo, kama /give ya kugawa vitu, /tp ya kumhamisha mtu kufumba na kufumbua, na /gamemode. La tatu ni la kusimamia watu: /kick humtoa mchezaji aliyemo, /ban humfungia asirudi, /pardon humsamehe, na /op yenyewe humpa mwingine cheo. La nne ni la kushika seva nzima, ikiwemo /stop ya kuizima.

Mpangilio huu ni mzuri kwenye karatasi. Shida ni kwamba amri ya /op haiulizi daraja. Anayetajwa hupata namba iliyowekwa katika op-permission-level, na namba inayokuja na seva ni 4. Rafiki aliyeomba uwezo wa kuruka ili amalizie paa la nyumba yake huamka akiwa na uwezo wa kuizima seva, kuwafungia wote na kumvua cheo aliyempa. Kumpa daraja la pili pekee kunawezekana, ila ni lazima seva izimwe, ops.json ifunguliwe, "level": 4 ibadilishwe iwe 2, kisha seva iwashwe tena. Ni kazi ya dakika tatu, na karibu hakuna anayeifanya.

Hata daraja la pili si la kuchezea. Amri nyingi hupokea alama za kuchagua walengwa: @p ni mchezaji aliye karibu zaidi, @a ni wachezaji wote, @e ni kila kiumbe na kila kitu kinachohesabiwa kama kiumbe. Tuseme ardhi imejaa vitu vilivyodondoshwa na seva imekuwa nzito. Opereta anayetaka kuvifagia anapaswa kuandika:

/kill @e[type=item]

Akiwa na haraka akaishia kwenye @e, amri huua kila kilicho katika sehemu za ulimwengu zilizokuwa zimepakiwa wakati huo: ng'ombe waliofugwa kwa wiki kadhaa, wanakijiji wa kufanya nao biashara, picha za ukutani, mashua zilizofungwa gatini, na wachezaji wote, yeye mwenyewe akiwemo. Seva haimuulizi kama ana uhakika, na hakuna amri ya kutengua.

Mlango wa kuingilia

Seva ya marafiki hulindwa vizuri zaidi na orodha ya walioruhusiwa kuliko na orodha ya waliofungiwa. Ukiandika whitelist on, asiye kwenye orodha huishia mlangoni. Mafaili haya hayamshiki mtu kwa jina tu bali kwa UUID, namba ndefu ya akaunti, kwani tangu Februari 2015 wachezaji wameweza kubadili majina. Aliyefungiwa akijiita jina jingine bado amefungiwa.

Kufungia anwani ya IP kunahitaji uangalifu. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na bweni zima la chuo huweza kuonekana kama kompyuta moja. Anayelengwa ni mmoja, wanaoachwa nje ni ishirini, na yule mmoja hurudi kesho yake kwa laini nyingine.

Mpangilio wenye hatari kuliko yote ni online-mode. Ukiwa true, seva huthibitisha kila akaunti kwa Microsoft. Wasimamizi wengi huuweka false ili wasionunua mchezo nao waingie. Kuanzia hapo jina ni neno tu: seva hutengeneza UUID kutokana na jina lililoandikwa, hivyo yeyote anayejiita kwa jina la opereta hupokelewa kama opereta, na cheo chake chote. Wanaobaki na mpangilio huo huongeza programu-jalizi kama AuthMe, inayomdai kila anayeingia nenosiri kabla hajapiga hatua.

Ruhusa moja moja

Madaraja manne hayatoshi seva ya watu mia. Seva hizo hutumia Spigot au Paper, programu za seva zilizotokana na mradi wa Bukkit na zinazokubali programu-jalizi. Humo kila tendo lina ruhusa yake yenye jina la vipande vilivyotengwa kwa nukta, kwa mfano essentials.fly ya kuruka au minecraft.command.ban ya kufungia. Ruhusa hizo hukusanywa katika makundi, na kundi hurithi la chini yake: mlinzi ana yote ya mwanachama na ziada yake, mwanachama ana yote ya mgeni.

Kwa sasa chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hii ni LuckPerms. Kumtia mtu kundini huandikwa /lp user, jina, parent add, kisha jina la kundi. Ukitumia addtemp na kuongeza 7d mwishoni, cheo hujifuta chenyewe baada ya siku saba. Njia hii ya kumjaribu mlinzi mpya ina adabu kuliko kumvua cheo mbele ya watu. Ruhusa inaweza kuwekwa true au false, na aliyoandikiwa mtu binafsi huishinda ya kundi lake. Inaweza pia kufungwa kwenye ulimwengu mmoja tu, mtu akaruka kwenye uwanja wa ujenzi na kutembea kwa miguu kwingineko. Makundi yakishapangwa, mwenye seva hufanya vyema kuwavua uopereta wote, hata yeye mwenyewe, kwa sababu ruhusa nyingi za programu-jalizi hufunguka zenyewe kwa kila op.

Malalamiko ya ubomoaji huamuliwa kwa kumbukumbu, si kwa kelele za gumzo. CoreProtect huandika nani aliweka na nani aliondoa kila bloku. Msimamizi huandika /co inspect, hugonga mahali ukuta ulipokuwa, na jina hutokea pamoja na muda uliopita. Kisha kwa /co rollback, akitaja mtu, saa na umbali, huurudisha ukuta bila kugusa kazi za jirani.

Nakala rudufu

Kunakili folda ya ulimwengu wakati seva inaandika ndani yake huweza kuzaa nakala mbovu. Kwa hiyo msimamizi hutoa kwanza save-off ya kusitisha uandishi, halafu save-all flush ili kila kilicho kwenye kumbukumbu kishuke kwenye diski, hunakili, kisha humaliza kwa save-on. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Mchezo huendelea kama kawaida na hakuna anayeona tofauti. Umeme ukikatika saa nne usiku, seva huwaka tena ikiwa na ulimwengu wa asubuhi.